Bendi Iliyoimba Habari za Kuhamia Nyota

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, simama ufukweni Ujiji au Kibirizi utazame ziwani. Utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka mbali. Juu yake ziko nyota. Mgeni anaweza kudhani ziwa na mbingu vimeungana. Sisi wenyeji tunajua kwamba zile za chini ni taa za watu wanaotafuta riziki. Je, na zile za juu? Kuna watu huko? Watu wanaweza kwenda kuishi huko?

Leo tunataka kueleza habari za bendi moja ya muziki iliyoimba jambo hilo kwa miaka mingi. Bendi hiyo ilisema watu weusi wafunge mizigo yao, wahamie sayari nyingine, na chombo cha kuwapeleka kitakuwa muziki. Utacheka? Cheka tu. Wengi walicheka. Lakini ukimaliza kucheka, soma mpaka mwisho, kwa maana ndani ya habari hii yamo mambo yanayotuhusu.

KUHAMA SI NENO GENI

Sisi watu wa Kigoma tunakujua kuhama. Wazee wanakumbuka miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, familia zilipotolewa kwenye mashamba ya mbali zikawekwa pamoja vijijini. Mwaka 1972 walikuja ndugu zetu wa Burundi wakikimbia mauaji. Mwaka 1996 wakaja ndugu zetu wa Kongo wakikimbia vita, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu.

Mtu anayehama hujiuliza maswali matatu:

Kwanza, kwa nini nahama?
Pili, nani ameamua nihame?
Tatu, huko niendako, ni kitu gani kitakuwa mali yangu?

Tuyashike maswali hayo matatu. Yatatuongoza katika habari yote hii.

MWANZILISHI WA BENDI

Mwanzilishi wa bendi hiyo alijulikana kwa jina la Sun Ra. Jina hilo alijipa mwenyewe. Wazazi wake walimwita Herman Poole Blount. Alizaliwa tarehe 22 Mei 1914 katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani.

Birmingham ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Mtu mweusi alifanya kazi humo, lakini sheria za mji zilimtenga. Alikuwa na shule yake mbali na ya mzungu. Alikuwa na mahali pake pa kukaa katika basi. Hata bomba la maji ya kunywa lilitengwa. Utumwa ulikwisha Marekani mwaka 1865, yaani miaka 49 tu kabla Sun Ra hajazaliwa.

Hapa tusichanganye mambo. Tunajua Ujiji palikuwa mwanzo wa njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Njia hiyo ilikwenda Tabora, Bagamoyo, hata Unguja. Watu waliopelekwa Marekani wengi wao walitoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, wakavushwa bahari nyingine. Njia zilikuwa mbalimbali, lakini jeraha ni moja: mtu anang'olewa kwao kama mche wa muhogo, anapelekwa asikokujua, na huko anaambiwa yeye si mtu kamili.

Kijana Herman alipenda kusoma vitabu na kupiga kinanda. Alijiunga na chuo kimoja huko Alabama kusomea ualimu, akakaa mwaka mmoja tu akaacha. Baadaye alisimulia kwamba katika siku zile alichukuliwa na viumbe wa ajabu, akapelekwa mpaka sayari ya Zohali. Eti walimwambia aache chuo, maana dunia itaharibika, na yeye atasema na watu kwa njia ya muziki.

Je, tuyaamini hayo? Kila mtu ana akili yake. Sisi tunasema hivi: yeye aliyaeleza kuwa ni kweli mpaka kufa kwake.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliitwa jeshini. Akakataa kushika bunduki. Alisema dhamiri yake haimruhusu kuua. Akatiwa jela Alabama, kisha akapelekwa kambi ya kazi. Alipotoka alihamia Chicago, mji mkubwa wa kaskazini. Mwaka 1952 alibadili jina lake mbele ya sheria. Katika miaka ya 1950 akaunda bendi aliyoiita Arkestra. Jina hilo limechezewa: ndani yake limo neno la orkestra, na limo pia neno la Kiingereza linalotaja safina, kama ile ya Nabii Nuhu. Yaani ni bendi, na ni chombo cha kuokoa watu.

Muziki wao uliitwa jazi. Neno hilo si geni kwetu. Bendi zetu nyingi zilijiita hivyo: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Ila bendi zetu zilipiga zaidi rumba ya kuchezeka. Sun Ra na wenzake walipiga saksafoni, tarumbeta, ngoma na vinanda vya umeme, na mara nyingine sauti zilipaa na kugongana hata msikilizaji akashika kichwa. Walivaa majoho ya kumetameta na kofia zenye umbo la jua. Jukwaani walizunguka kwa mstari wakiimba habari za safari ya angani.

SWALI LA KWANZA: KWA NINI KUHAMA?

Mwaka 1972 bendi ilitengeneza filamu katika jimbo la California. Filamu ilitolewa mwaka 1974. Jina lake ni "Space Is the Place", maana yake anga ndipo mahali penyewe. Hadithi yake ni hii:

Sun Ra amefika katika sayari mpya. Ina miti na maua ya ajabu. Anasema hapa panafaa watu weusi wakae, wajipange upya, mbali na mateso. Anarudi duniani kuwachukua. Anafika katika mji wa Oakland, anaingia kwenye jumba la vijana. Vijana wanamkejeli kwa mavazi yake, wanamwuliza kama yeye ni mtu wa kweli. Anawajibu kwamba yeye si wa kweli, na wao vilevile si wa kweli. Mngekuwa mnahesabiwa kuwa watu katika nchi hii, anawaeleza, msingekuwa mnahangaika kudai haki.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye kiini. Wimbo wa kuhamia nyota haukutoka kwa mtu aliyeshiba akakosa la kufanya. Ulitoka kwa mtu aliyeona kwao hapana nafasi yake. Mwaka 1963, katika mji ule ule wa Birmingham alikozaliwa, bomu lilitegwa kanisani na wasichana wanne weusi wakauawa. Mtu akiona hayo, akatazama kushoto na kulia asione pa kwenda, atatazama juu.

Basi jibu la swali la kwanza ni heshima. Alitaka makazi ambapo mtu hatalazimika kuthibitisha kwamba yeye ni mtu.

Wako wanamuziki weusi wa Marekani waliotazama anga kwa jicho jingine. Tarehe 20 Julai 1969 Wamarekani wawili walitua mwezini. Mwaka uliofuata, 1970, mshairi Gil Scott-Heron alitoa shairi lililopigiwa ngoma. Alilalamika kwamba mzungu yuko mwezini, huku mtu mweusi hana fedha ya kumlipa daktari, na kodi ya nyumba inapanda. Yeye hakutaka safari. Alitaka fedha za safari zishuke kwa watu.

Watu wawili wa kabila moja la shida, majibu mawili. Mmoja anasema tuhame. Mwingine anasema tubaki tudai chetu. Tutarudi kwenye jambo hili katika maswali ya mwisho.

JE, INAWEZEKANA?

Sasa tuangalie elimu inasema nini. Sayari siyo nyota. Nyota ni kama jua: inawaka yenyewe. Sayari haiwaki. Inaonekana kwa sababu jua linaimulika. Dunia yetu ni sayari. Zuhura, ile inayong'aa sana jioni au alfajiri, ni sayari. Mirihi na Zohali pia ni sayari.

Tuanze na mwezi, ulio karibu kuliko vyote. Toka hapa hadi mwezini ni kilomita 384,000 hivi. Reli ya Dar es Salaam mpaka Kigoma ina kilomita 1,250 hivi. Kwa hiyo kwenda mwezini ni kama kusafiri kwa treni toka Dar es Salaam hadi Kigoma zaidi ya mara 300. Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya mwezi. Walikaa siku chache wakarudi.

Mirihi ni mbali zaidi. Chombo hutumia miezi kama saba kufika. Vyombo visivyo na watu vimeshatua. Hakuna mtu aliyekwisha kanyaga huko.

Na Zohali ya Sun Ra je? Chombo kimoja kiitwacho Cassini kilirushwa mwaka 1997, kikafika mwaka 2004. Karibu miaka saba njiani! Tena Zohali haina ardhi ya kukanyaga. Ni mpira mkubwa wa hewa. Huwezi kujenga nyumba, huwezi kupanda michikichi wala muhogo. Kwa hiyo kuhamia Zohali kwa mwili haiwezekani.

Lakini watu wanaishi angani? Ndiyo, wachache. Kuna kituo kinachozunguka dunia, kilomita 400 hivi juu yetu. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakaa bila watu. Wanakaa kwa zamu, miezi kadhaa, kisha wanarudi. Maji yao ni shida kubwa, hata jasho na mkojo husafishwa vikatumika tena.

Kituo hicho kilijengwaje? Watu wa Kigoma hawatashangaa, maana wanaijua habari ya meli ya Liemba. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000. Ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaja huku bara, ikaungwa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Hakuna mtu ambaye angeweza kuibeba nzima nzima. Kituo cha angani nacho kilipelekwa vipande vipande kuanzia mwaka 1998, kikaungwa huko huko juu. Nchi nyingi zilishirikiana.

Tunaona basi kwamba makazi mapya hayashuki kama mvua. Yanajengwa kipande kwa kipande, na watu wengi.

SWALI LA PILI: NANI AMEAMUA?

Wengine watasema, mambo ya anga ni ya Wazungu. Siyo kweli. Ukipanda meli hapa Kigoma ukaenda kusini mpaka mwisho wa ziwa letu, utafika bandari ya Mpulungu, nchi ya Zambia. Huko Zambia alikuwako mwalimu mmoja, Ndugu Edward Mukuka Nkoloso. Alipigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la Waingereza. Aliporudi alifundisha, akaingia katika siasa za kudai uhuru, akafungwa na wakoloni.

Mwaka 1964, mwaka Zambia ilipopata uhuru, Ndugu Nkoloso alitangaza kwamba Zambia itapeleka watu wake mwezini na Mirihi kabla ya Wamarekani na Warusi. Alikuwa na chuo chake karibu na Lusaka. Wanafunzi wake aliwatia ndani ya pipa la mafuta akawavingirisha mteremkoni, ili wazoee misukosuko ya safari. Mmoja wao alikuwa msichana, Matha Mwamba. Eti angefuatana na paka wake. Nkoloso aliomba fedha nje ya nchi, asipate. Serikali ya Zambia haikumuunga mkono. Waandishi wa magazeti ya nje walimcheka sana. Alifariki mwaka 1989, na hakuna chombo kilichoruka.

Je, alikuwa na wazimu? Alikuwa anawatania Wazungu? Watu wanabishana mpaka leo. Lakini tazama alichokifanya. Juzi tu aliambiwa na mkoloni mahali pa kukaa, mahali pa kupita, na kazi ya kufanya. Leo amepata uhuru, anasema: mimi ndiye nitakayeamua niende wapi, hata kama ni mwezini. Hapo anafanana na Sun Ra. Wote wawili walikataa kuamuliwa.

Na sisi Waswahili tuliwahi kuwa na jina letu huko juu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza nyota ilirushwa toka jukwaa lililojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ile iliitwa "Uhuru".

SWALI LA TATU: NI KITU GANI MALI YANGU?

Sasa tumefika mahali penye faida kubwa kuliko pote.

Bendi ya Sun Ra haikufika Zohali. Lakini ilijenga makazi yake hapa hapa duniani. Namna gani?

Wakati ule, mwanamuziki akitaka santuri ilimbidi aende kwa kampuni. Kampuni ilirekodi, ikachapa, ikauza. Mwanamuziki alipewa kidogo, kampuni ikashika wimbo. Wanamuziki weusi wengi wa Marekani walikufa maskini, na nyimbo zao zikiendelea kuingizia watu wengine fedha.

Tueleze kwa mfano wa dagaa. Wavuvi wanakesha ziwani. Alfajiri dagaa wanafika mwaloni. Nani anagawa? Mwenye mtumbwi, mwenye nyavu na mwenye taa wana mafungu yao kwanza. Wavuvi wanapata kinachobaki. Ukitaka fungu kubwa, uwe na chombo chako. Muziki ni vivyo hivyo. Wimbo ni dagaa. Santuri ndiyo mtumbwi.

Sun Ra na rafiki yake Alton Abraham wakaamua kuwa na mtumbwi wao. Huko Chicago walianzisha kampuni yao ndogo, wakaiita Saturn, yaani Zohali. Mwaka 1957 walitoa santuri yao kubwa ya kwanza. Walirekodi mazoezi yao wenyewe, wakakilipa kiwanda kiwachapie santuri chache chache. Mara nyingine hazikuzidi 100. Majalada mengine waliyachora kwa mikono, moja moja. Waliziuza baada ya kupiga muziki, ukumbini, mkononi kwa mkono. Kwa njia hiyo walitoa santuri nyingi sana, zaidi ya bendi nyingi zenye kampuni kubwa.

Mwaka 1961 walihamia New York. Mwaka 1968 wakahamia Philadelphia, katika nyumba ya baba yake Marshall Allen, mpiga saksafoni wa bendi. Humo waliishi pamoja wanamuziki kadhaa. Walikula pamoja, walifanya mazoezi mchana na usiku. Sun Ra alikataza ulevi na bangi. Aliyechelewa mazoezi alijua atakachokipata.

Tulinganishe na bendi zetu za zamani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 ilikuwa chini ya shirika la usafiri, na mwaka 1983 ikaenda DDC. Faida ilikuwepo: wanamuziki walipata mshahara na vyombo. Lakini gitaa lilikuwa la shirika. Mwanamuziki akitoka, anatoka mikono mitupu. Nyimbo nyingi zilirekodiwa Redio Tanzania, na hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Zilichapwa Nairobi. Mtungaji alisikia wimbo wake kila siku redioni, mfukoni hana kitu.

Hatutaki kusema kwamba kujitegemea ni rahisi. Bendi ya Sun Ra ilikuwa na dhiki. Fedha ilikuwa haba, wengine walishindwa wakaondoka. Kiongozi alikuwa mkali, na neno lake lilikuwa la mwisho. Santuri chache maana yake ni wasikilizaji wachache. Mtumbwi mdogo hauendi mbali.

Lakini ulikuwa wao. Sun Ra alifariki tarehe 30 Mei 1993, huko huko Birmingham alikozaliwa. Bendi haikufa. Kwanza iliongozwa na John Gilmore mpaka alipofariki mwaka 1995, kisha na Mzee Marshall Allen. Mwezi Mei 2024 mzee huyo alitimiza miaka 100. Mwaka 2025 akatoa albamu kwa jina lake mwenyewe. Lo! Miaka 100, na pumzi ya kupuliza saksafoni bado alikuwa nayo.

TUFANYE NINI SISI?

Kigoma ni nchi ya wanamuziki. Hilo hatuna haja ya kulieleza. Tuseme basi kijana wa Mwandiga au wa Ilagala ametunga wimbo mzuri. Siku hizi hahitaji santuri, wimbo unasafiri kwa simu. Anatokea mtu na gari, ana karatasi mkononi. Anasema, "Weka sahihi hapa, nitakutoa." Kijana ana haraka ya kutoka. Anaweka sahihi bila kusoma.

Ndugu, wewe uliyehitimu kisomo, kijana huyo ni mwanao, au mpwa wako, au jirani yako. Kaa naye. Isomeni karatasi ile pamoja, neno kwa neno. Ulizeni haya:

1. Baada ya kurekodi, wimbo ni wa nani?
2. Mkataba unakwisha lini? Kama hauna mwisho, usitie sahihi.
3. Fedha zikipatikana, mtungaji fungu lake ni lipi, na mwenye gari fungu lake ni lipi?
4. Fedha aliyotumia mwenye gari kumrekodi kijana, itarudishwa na nani?
5. Je, kijana atapewa nakala yake ya mkataba? Asipopewa, aondoke.

Kama karatasi ni ya Kiingereza na hamjui Kiingereza, msione haya. Mwambieni aache nakala mkatafute mtu wa kuwasomea. Mtu mwenye nia njema atangoja. Asiyetaka kungoja amekwisha kuwajibu.

Jueni pia kwamba sheria ipo. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo ilisema kwamba mtungaji ana haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya yeye kufa. Haki hiyo inaanza wimbo unapotungwa, hata kabla hujauandikisha. Hata hivyo ni vizuri kuuandikisha COSOTA, ili siku ya ugomvi uwe na ushahidi. Na tangu siku ya kwanza andika katika daftari: jina la wimbo, tarehe, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga gitaa. Wote watie sahihi. Daftari la shilingi chache linaweza kuzuia ugomvi wa ndugu.

Vikundi vya ngoma na kwaya navyo vifanye hivyo. Vyombo vinunuliwe kwa mchango, viandikwe kuwa mali ya kikundi, na ijulikane mtu akitoka anapata nini.

Sun Ra aliimba habari za sayari ambako mtu mweusi angekuwa na chake. Sayari hiyo hakuifikia. Lakini santuri aliitengeneza, na haikumilikiwa na mwingine.

MAANA YA MANENO

Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kitu alichokitunga.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa, yenye nguvu ya sheria.
Nakala: karatasi ya pili inayofanana na ya kwanza.
Santuri: sahani yenye sauti iliyochapwa ndani yake, inayopigwa kwa gramafoni.
Setilaiti: chombo kisicho na watu kinachoizunguka dunia.
Zohali: sayari kubwa yenye pete, ya sita kutoka kwenye jua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Sun Ra alisema tuhame. Gil Scott-Heron alitaka fedha za safari zishuke kwa watu. Wewe unaona nani alikuwa na haki? Kwa nini?
2. Wazee waliohamishwa miaka ya 1970 waulizwe: katika yale maswali matatu ya kuhama, lipi halikujibiwa vizuri?
3. Katika mwalo wenu, dagaa wanagawanywaje? Je, mgao huo umeandikwa mahali popote?
4. Kuna kikundi cha ngoma, kwaya au bendi kijijini kwenu? Vyombo ni mali ya nani? Nenda ukaulize, uandike jibu katika daftari lako, ulisome mbele ya wenzako wiki ijayo.